Sikuacha Kazi

Rwimbogo, tarehe 2 Septemba 2025

Papa Fabien,

Nakuandikia juu najua simu haikufai tena. Masikio yako yalibaki kiwandani, kwenye kelele ya zile mashine ulizotengeneza miaka yote. Barua hii ataileta Maman Joséphine anayeuza sambaza, wale dagaa wa ziwani, soko la Kamembe. Majibu umpe yeye.

Kasa imenikatalia. Ile kasa yetu, mfuko wa akiba wa wasio na kazi, ambayo kanuni zake uliandika wewe kwa mkono wako wakati ulikuwa mjumbe wa wafanyakazi. Miaka kumi na minne walikata kwenye mshahara wangu ili siku kazi ikiniponyoka nisilale njaa na batoto. Siku yenyewe imefika, na Christelle, sekretari wa kasa, amenipa karatasi ya mistari mitatu. Inasema Védastine Mukankusi aliacha kazi kwa hiari yake, na anayeacha kwa hiari hana haki. Kama sikubali, nipeleke rufaa katika siku thelathini. Basi.

Ngoja nikueleze hiari yangu ilikuwa ya namna gani. Mwezi wa saba, mkanda wa mashine ya kukoboa mpunga ulikata vidole vitatu vya Gaju. Humjui, alikuja baada yako. Ni binti wa jirani yangu, na mimi ndiye nilimuombea kazi. Alikuwa anafagia pumba chini ya mkanda. Inspekta wa kazi alipokuja, kiwanda kilimwonyesha kifuniko kipya, rangi haina hata mkwaruzo, wakasema mkanda ulikuwa umefunikwa, Gaju ndiye aliyefungua kifuniko bila ruhusa. Nilisema mbele yao kwamba mkanda ule haujafunikwa miaka mitano. Ba-maman wengine kumi wakasema vile vile.

Juma lililofuata Niyonsenga, yule mkubwa wa biro, ile ofisi ya wafanyakazi, alituita mmoja mmoja sisi kumi na moja. Alisema mashine inatengenezwa, tutapumzika majuma mawili, tuweke sahihi kwamba tumekubali kupumzika. Karatasi ilikuwa ya Kifaransa. Kifaransa changu mimi ni cha kusalimia. Nikasaini. Nilimwambia hata aksanti. Nikiikumbuka ile aksanti nataka kujipiga kofi.

Tuliporudi, mlinzi alikataa kutufungulia lango. Ile karatasi ilikuwa barua ya kuacha kazi.

Niambie nianzie wapi. Niko na hasira mpaka chakula hakipiti.

Védastine, Maman Tumukunde


Nkombo, tarehe 6 Septemba 2025

Maman Tumukunde,

Barua yako nimeisoma nikiwa na mota ya boti mbele yangu, mikono imejaa mafuta, nikaacha kazi ya watu ikilala. Ndiyo kazi yangu hapa kisiwani. Mota siisikii, lakini nikiweka kiganja juu yake najua inaumwa wapi.

Hawa watu hawana haya. Kasa tuliianzisha ili mfanyakazi asiombe mtu huruma, na leo wanaitumia kumpiga huyo huyo mfanyakazi. Sasa fanya hivi, na ufanye bila kupiga kelele, maana wanangoja upige kelele waseme wewe ni mgomvi.

Soma kanuni ya saba. Niliiandika mimi. Inasema barua ya kuacha kazi inakubalika tu kama mfanyakazi ameiandika mwenyewe, au amesomewa kwa lugha anayoielewa mbele ya mjumbe wa wafanyakazi. Wewe hukuiandika na hukusomewa. Hapo ndipo utakaposimama.

Kisha soma kanuni ya kumi na moja. Inakupa ruhusa ya kuona barua zote za namna hiyo zilizo kwenye kasa. Mwombe Christelle nakala za wenzako kumi, uzilinganishe na yako. Rufaa uiandike kwa lugha yako, fupi. Usimpe mtu karatasi hata moja bila kubaki na nakala yenye muhuri na tarehe. Wakikwambia muhuri haupo, kaa kwenye benchi mpaka uwepo.

Wasikutishe. Mimi nilipoondoka kwa ajili ya masikio sikugusa kitu cha kasa, niliwaachia wenzangu. Leo naona nani anakula jasho letu.

Fabien Nzabonimana


Rwimbogo, tarehe 11 Septemba 2025

Papa Fabien,

Nimefanya ulivyosema. Kwenye benchi la kasa nilikaa kutoka saa mbili mpaka saa saba mchana, na muhuri ukapatikana.

Kati ya wale ba-maman kumi, saba wameweka majina yao kwenye rufaa pamoja nami. Watatu wameogopa. Niyonsenga amewatumia ujumbe kwamba mwenye kunyamaza anaweza kuitwa tena msimu wa mavuno. Mmoja wa hao watatu alinipita njiani akageuza uso kama nina ugonjwa. Nilimkasirikia, halafu nikakumbuka ana batoto sita.

Sasa sikiliza jambo hili. Nilichukua zile nakala mpaka mpakani Rusizi ya Kwanza, kwa Papa Hamdani anayewaandikia wachuuzi karatasi zao za kuvuka. Alizipanga mezani kumi na moja, akasoma ya kwanza, ya pili, ya tatu, kisha akavua miwani. Zote zinafanana neno kwa neno. Na lile neno la Kifaransa la kusema "kwa hiari" limekosewa herufi, kosa lile lile, mahali pale pale, kwenye karatasi zote. Papa Hamdani aliuliza kama sisi ba-maman kumi na moja tulisoma shule moja iliyofundisha kosa moja.

Nilikimbia kwa Papa Muderhwa, mkubwa wa komite ya kasa, nikifikiri yamekwisha. Ni muntu mzuri lakini mwoga wa lawama. Alisema kiwanda kitajibu kwamba tulikwenda kwa mwandishi mmoja tukanunua barua moja. Alisema, "Niletee shahidi ambaye hayumo katika ninyi kumi na moja. Muntu anayejua Niyonsenga anavyofanya kazi, na ambaye hatafuti kitu kwetu."

Muntu huyo ni wewe. Ulikaa naye biro moja miaka mingi. Kila muntu kiwandani anakuheshimu, hata leo wanasema Papa Fabien aliondoka bila kudai hata kalamu. Komite inakaa tarehe 3 Oktoba. Uje.

Na kitu kimoja tena. Wewe ulikuwa fundi. Zamani mkanda ule ulikuwa na kifuniko cha chuma, nakikumbuka vizuri. Kilikwenda wapi? Gaju ananiuliza kila siku.

Védastine


Nkombo, tarehe 15 Septemba 2025

Maman Tumukunde,

Pongezi kwa kazi uliyofanya. Kosa moja kwenye karatasi kumi na moja ni ushahidi mkubwa. Mwombe Papa Hamdani aandike maelezo yake na kusaini. Waombe pia wale saba kila mmoja aandike kwa maneno yake namna alivyoitwa, saa ngapi, nani alikuwa ndani. Msifanane. Wakifanana watasema mlifundishwa.

Kuhusu kuja, nisamehe. Ziwa halijatulia siku hizi na presha yangu imepanda. Halafu, mtu asiyesikia atafanya nini mbele ya komite? Watauliza hiki nijibu kile, nikuharibie. Tena mimi niliondoka kwa mdomo tu, tukapeana mkono, karatasi sina. Sioni nitawafaa nini.

Endelea na moyo huo huo. Umebakiza kidogo.

Fabien


Rwimbogo, tarehe 19 Septemba 2025

Fabien,

Leo sikuiti Papa.

Nilirudi kwa Christelle, nikamwonyesha kanuni yako ya kumi na moja, nikamwambia sitaki tena za mwaka huu tu, nataka barua zote za kuacha kwa hiari tangu kasa ianze. Alileta sanduku. Ziko chache. Ya nne kutoka juu ni ya mwezi wa sita 2020. Neno kwa neno kama yangu. Kosa lile lile kwenye neno la hiari. Chini yake kuna sahihi yako, ile yenye mkia mrefu tuliyoizoea kwenye matangazo ya wafanyakazi.

Uliniandikia huna karatasi. Uliniandikia mlipeana mkono.

Mimi nilisaini kwa sababu sikujua kusoma Kifaransa. Wewe ulisoma shule ya ufundi Bukavu, Kifaransa unaota nacho. Ulijua unachosaini. Ulijua kwamba Niyonsenga ana barua iliyokwisha andikwa, anangoja tu jina. Ulikaa kimya miaka mitano, na barua ile ile ikatungoja sisi. Halafu kutoka kisiwani kwako unanifundisha niweke nakala na nisipige kelele.

Na tulikusifu. Mimi mwenyewe nilisimama sokoni nikamwambia muntu aliyekusema vibaya kwamba Papa Fabien ni muntu wa mwisho mwenye heshima katika kiwanda kile.

Swali la kifuniko uliliruka kama muntu anayeruka tope. Mara ya kwanza nilifikiri umesahau. Sasa sifikiri hivyo.

Nataka jibu lenye mambo yote.

Védastine Mukankusi


Nkombo, tarehe 23 Septemba 2025

Maman Tumukunde,

Nimechana barua tatu kabla ya hii.

Kifuniko nilikitoa mimi.

Ilikuwa mwanzo wa mwaka 2020. Pumba zilikuwa zinajaa ndani yake, na kila zikijaa tulizima mashine nusu saa, nafungua bolti nane, nasafisha, narudisha. Mavuno yalikuwa mengi. Niyonsenga alikuja akasema kiache wazi, tutakirudisha mavuno yakipita. Aliniagiza kwa mdomo. Mavuno yalipita, nikamkumbusha. Akasema bado. Nikamkumbusha mara ya pili. Mara ya tatu sikumkumbusha.

Masikio yalipokufa nilitaka kumwona inspekta ili kiwanda kinitibu. Niyonsenga aliniita, akafunga mlango. Wakati ule sikio la kushoto lilikuwa bado linashika maneno. Aliniambia hivi: "Nenda kwa inspekta. Lakini atakagua mashine zote, na atauliza fundi ni nani aliyeacha mkanda wazi. Una karatasi inayosema mimi nilikutuma?" Sikuwa nayo. Akasukuma ile barua mbele yangu. Niliisoma mara mbili, hata lile kosa nililiona. Nikasaini. Haki yangu ya kasa sikuwaachia wenzangu. Nilijifungia mlango mwenyewe, kisha nikawaacha watu waite jambo hilo moyo mzuri.

Niliondoka na mkanda ukabaki wazi. Nilijiambia fundi mpya ataona. Wewe uliponiandikia habari ya vidole vya yule binti, nilijibu juu ya kanuni ya saba.

Nitakuja tarehe 3.

Fabien


Rwimbogo, tarehe 25 Septemba 2025

Fabien,

Nimeisoma barua yako nimesimama, sikuweza kukaa.

Sitakufariji, kama ndilo unalongoja. Gaju ana miaka ishirini na miwili. Alikuwa anasuka nywele za batu siku za Jumapili, hiyo ndiyo iliyokuwa ada ya shule ya mdogo wake. Sasa hata sufuria anashika kwa mkono wa kushoto, na kwenye karatasi za kiwanda imeandikwa kwamba alijiumiza mwenyewe.

Uje. Saa tatu asubuhi, ukumbi wa kasa. Useme barua yako ilivyosainiwa, na useme kifuniko pia, mbele ya Gaju. Atakuwepo.

Védastine


Rwimbogo, tarehe 5 Oktoba 2025

Fabien,

Ulikuwa ndani ya ukumbi ule lakini hukusikia kilichosemwa, na nilikuona ukiondoka na uso wa muntu aliyetua mzigo. Kwa hiyo nakuandikia, ili ujue.

Ulisimama, ukaonyesha nakala ya barua yako ya kuacha kazi niliyokupa mlangoni, ukaeleza kwamba Niyonsenga aliitoa kwenye droo ikiwa imekwisha andikwa na jina lako ndani. Komite nzima iliinama mezani kuangalia lile kosa. Papa Muderhwa alikuandikia swali kwenye daftari: kwa nini ulisaini? Ukasema, "Kwa sababu ya masikio. Nilichoka." Ukakaa.

Kifuniko hukukitaja.

Niyonsenga alisema wewe ni mzee mwenye kinyongo na barua umeighushi. Christelle akajibu, polepole tu, kwamba barua ya awali iko kwenye sanduku lake tangu 2020, na muhuri wa kupokelewa ni wa Niyonsenga mwenyewe. Kisha Papa Muderhwa akauliza kama kuna muntu mwenye neno la kuongeza.

Mimi nilikuwa na neno. Barua yako ya tarehe 23 ilikuwa ndani ya mkoba wangu, nilikuwa nimeishika kwa mkono. Nikafikiri, nikiisoma sasa, shahidi wangu anageuka muntu aliyeficha kosa lake, Niyonsenga atamshika hapo, na sisi nane tutarudi nyumbani bila kitu. Niliona komite imekwisha elekea upande wetu. Nikanyamaza.

Tumeshinda. Ba-maman wote kumi na moja, hata wale watatu walioogopa. Imeandikwa kwamba hatukuacha kazi, tulifukuzwa, na kasa itatulipa. Wenzangu waliimba mpaka barabarani. Mimi sikuimba.

Sasa habari ya Gaju. Ulipokuwa unatoka alikuja mbele yako, akasema maneno machache, nawe ukainamisha kichwa ukamjibu, "Aksanti, mwanangu." Nadhani ulifikiri anakushukuru, au anakusamehe. Kila muntu mlangoni alisikia alichosema, isipokuwa wewe. Alisema: "Umesema juu ya karatasi za ba-maman. Juu ya mkono wangu hukusema kitu. Usiniangalie."

Ukamjibu aksanti. Na mimi nikiwa nimesimama kando, nikijua yote.

Jioni ile nilikwenda kwao. Nilimpa barua yako ya tarehe 23, nikamwambia nilikuwa nayo ukumbini na sikuitoa, na kwa nini. Alisoma mpaka mwisho. Hakunilaumu, hakunipa hata maji. Alisema tu barua inabaki kwake. Nilimwombea kazi iliyomkata, halafu nikanunua haki yangu kwa kunyamaza juu yake. Hasira niliyokuwa nayo juu yako sasa nakula pamoja nawe sahani moja.

Jumatatu tarehe 13, boti ya asubuhi itakapofika, Gaju atakuwa bandarini na barua yako mkononi. Mimi hatanichukua, amekataa. Ukishuka, mtakwenda pamoja kwa inspekta. Usiposhuka, atakwenda peke yake na barua.

Védastine


Nkombo, tarehe 14 Oktoba 2025

Maman Tumukunde,

Nilishuka.

Alikuwa mbele ya wauza sambaza, mkono wa kuume umefungwa kitenge. Hakunisalimu. Alitangulia, mimi nikafuata nyuma yake mpaka biro ya inspekta.

Nilisema yote tangu mwanzo: nani aliniagiza, mwezi gani, bolti ngapi, mara ngapi nilimkumbusha na mara gani niliacha. Inspekta aliandika kurasa nne na kunisainisha kila ukurasa. Aliniandikia kwenye karatasi kwamba huenda nami nitaitwa kujibu, na kama nataka kubadili neno ni sasa. Nikatikisa kichwa. Faili ya Gaju imefunguliwa upya, na yale maneno kwamba alijiumiza mwenyewe yamefutwa kwa mstari mbele ya macho yake.

Nilifikiri tumemaliza. Gaju akavuta karatasi ya inspekta, akachukua kalamu kwa mkono wa kushoto. Alikawia sana kuandika. Kisha akaigeuza ili tusome sote wawili. Alikuwa ameandika: "Leo nani anafagia pale?"

Mimi sikujua. Inspekta naye hakujua. Alivaa koti, akachukua funguo za gari, tukateremka naye mpaka kiwandani.

Kile kifuniko kipya kilikuwa kimeegemezwa ukutani, rangi yake bado nzima. Chini ya mkanda kulikuwa na mwanamke ambaye sijawahi kumwona, amechuchumaa, anakokota pumba kwa mikono. Inspekta alipiga picha. Niyonsenga alikuja mbio akisema maneno, mdomo wake niliuona unakwenda haraka. Sikungoja. Ile swichi kubwa iko mahali ilipokuwa zamani, nikaishusha. Sikusikia mashine ikizimika. Nilijua kwa nyayo, sakafu iliacha kutetemeka.

Inspekta aliandika amri kwamba haitawashwa mpaka ifunikwe. Fundi wao kijana hakujua pa kuanzia, nikamwomba spana. Nilipopiga magoti, Gaju aliokota mfuko wa bolti uliokuwa chini kando ya kifuniko, akasimama karibu yangu. Hakuniangalia. Kila nilipomaliza moja alinyoosha mkono wa kushoto akanipa nyingine, mpaka zote nane zikaisha.

Fabien Nzabonimana